Shilingi Si Shilingi: Somo Nililolipia Mutukula

Wanachuo wenzangu, nikiwa mwaka wa pili mama alinituma Kampala kutoka kwetu Katoro, Geita. Shangazi alikuwa amelazwa huko, na mimi nilibeba Sh. 400,000 za matibabu. Pale mpakani Mutukula kijana mmoja akanidaka: "Dada, njoo nikubadilishie, huko mbele foleni." Akanipa shilingi 1.20 ya Uganda kwa kila shilingi yetu. Nikapokea 480,000, nikafurahi kwamba hela imeongezeka! Hatua chache mbele nikakuta ubao wa duka la kubadilishia fedha: 1.40. Kumbe ningepata 560,000. Hela ya dawa, 80,000, imekwenda hivyo hivyo, na mimi ndiye nasomea kufundisha hisabati.

Nilichanganywa na jina. Zamani Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, mpaka 1966 kila nchi ilipoanza kutoa yake. Itifaki ya kurudi kwenye sarafu moja ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, lakini sarafu yenyewe bado. Kwa hiyo mpakani ni kupiga hesabu tu.

Kwanza, jua kiwango kabla ya kupanda basi. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango vyake. Duka litakupa pungufu kidogo, hiyo ni kawaida. Likipunguza mno, ondoka.

Pili, soma ubao vizuri. "Kununua" na "kuuza" vimeandikwa kwa upande wa mwenye duka, na tofauti kati yake ndiyo faida yake. Ukibadilisha hela kisha ukairudisha, umekatwa mara mbili. Badilisha ile utakayotumia tu.

Tatu, usitegemee simu kama uko nyumbani. Salio lako la hapa hulitoi kwa wakala yeyote wa Kampala kama unavyotoa Katoro. Afadhali umtumie ndugu aliye kule moja kwa moja, kama mtandao wako una huduma hiyo. Kabla ya kuweka namba ya siri, angalia makato na pia kiwango cha kubadilishia. Makato yanaweza kuwa madogo huku kiwango kikikuumiza.

Sasa zoezi. Una Sh. 300,000. Duka A linatoa 1.38 bila makato. Duka B linatoa 1.42, ila linakata Sh. 10,000 kwanza. Uende wapi? A utapata 414,000, B utapata 411,800. Nenda A. Lakini ukiwa na Sh. 500,000, A ni 690,000 na B ni 695,800, basi nenda B. Usiulize "kiwango ni ngapi?" peke yake. Uliza, "Mkononi napata ngapi?"

Mimi sikuuliza, na ile 80,000 ilibidi mama akaikope kwa jirani.