Polisi Wanaolinda Jeshi

Muhula uliopita, katika mdahalo wetu, nilisema kwa kishindo kwamba kambi ya jeshi kulindwa na polisi ni sawa na simba kulindwa na mbwa. Wenzangu wakacheka sana. Ndipo mwalimu wa uraia akaniuliza, "Mwanangu, mwanajeshi akimkuta raia ndani ya ua wa kambi, amfanye nini?" Nikajibu upesi, "Ampige risasi, Mwalimu." Safari hii hakucheka mtu. Usiku ule bwenini nilikumbuka kwamba mama yangu huokota kuni karibu na ua wa kambi moja ya jeshi. Asubuhi nikaenda maktaba.

Huko Uingereza kazi hii ni ya zamani. Katika bandari za manowari mwizi mara nyingi alikuwa mtu wa ndani. Mafundi waliruhusiwa kwenda nyumbani na mabaki ya mbao; basi wengine wakakata mbao nzima makusudi ili zipate kuwa mabaki! Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 1801, wakalipwa fedha badala yake. Kamba nazo zilisokotwa pamoja na uzi mmoja wa alama, hata ukikata kamba mahali popote, uzi ule ulisema mali ni ya nani. Kwa maoni yangu uzi ule ulishinda bunduki kumi.

Kuanzia 1860 polisi wa London walipewa ulinzi wa bandari kubwa za manowari. Baadaye idara za majini, nchi kavu na anga zikawa na polisi wao mbalimbali, na mwaka 1971 vikosi hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Polisi wa Wizara ya Ulinzi.

Msomaji asiwachanganye na wanajeshi wanaofanya kazi ya polisi jeshini. Hawa ni raia, nao wana mamlaka ya konstebo. Wengi wao huchukua bunduki, ingawa polisi wengi wa Uingereza hawachukui. Hulinda Faslane, Scotland, maskani ya nyambizi za makombora ya nyuklia, na pia Aldermaston, zinakoshughulikiwa silaha hizo. Lakini wakimkamata raia, neno la mwisho ni la hakimu.

Na hakimu aweza kusema vingine. Tangu 1981 wanawake walipiga kambi nje ya uwanja wa ndege za vita wa Greenham Common kupinga makombora ya Marekani. Wawili walishitakiwa kwa kuingia ndani. Mwaka 1990 mahakama iliyokuwa ya juu kabisa iliamua kwamba amri ile iliyowakataza ilikuwa batili, kwa kuwa ilivunja haki za watu waliokuwa na ruhusa ya kutumia ardhi ile, kama vile kulisha mifugo. Wanawake wale hata hawakuwa miongoni mwa wenye haki hizo. Fikiri, msomaji: malisho mbele ya makombora!

Nimemwomba katibu wa mdahalo aniandike upande wa pili.