Mbili kutoka boksi moja: namna ya kuchagua redio ya masafa mafupi dukani

Nilimnunulia mzee wangu redio Kariakoo, nikitaka hasa ya masafa mafupi, kwa sababu kijijini kwake FM inayoshika ni moja tu, nayo hupiga muziki kutwa. Niliijaribu dukani kwenye FM, ikaimba vizuri, nikalipa. Wiki ya pili akanipigia simu: "Redio yako ina homa hii. Nikiishika inaongea, nikiiweka mezani inanyamaza." Nilipokwenda na kuifungua, nikakuta waya wa antena umelala tu juu ya tone la risasi. Haukuwa umeshikana nalo. Jirani yake alikuwa na redio ya namba ileile na rangi ileile, kutoka duka lilelile, na ilikuwa haijamsumbua hata siku moja.

Ndivyo zilivyo redio za bei nafuu kutoka nje. Maganda yametoka kwenye kalibu moja, lakini kuchomelea waya, kukaza skrubu ya antena na kurekebisha koili ni kazi za mwisho zinazofanywa kwa haraka, na kwa bei ile hakuna wa kukaa na kila moja akaisikiliza. Wakati mwingine hata chipu au spika hubadilishwa na namba ya boksi ikabaki ileile. Kwa hiyo ukishaambiwa aina fulani ni nzuri, bado hujamaliza. Mwombe muuzaji akufungulie mbili au tatu. Atakwambia, "Kaka, zote ni zilezile, boksi moja." Mjibu kwamba ndiyo maana unataka kuzilinganisha.

Nenda na betri zako mpya, na uende jioni, kama saa kumi na moja. Mchana wa jua kali bendi za mita 49 na 31 huwa kimya, na utaikatalia redio nzima bure. Ukilazimika kwenda mchana, jaribu mita 19 au 16, yaani kuanzia kilohezi 15100 na 17480 kwenda juu. Halafu usijaribu ndani ya duka. Taa za LED, chaja za simu na zege la jengo vinatosha kuua masafa mafupi. Toka nayo barazani, hata kama muuzaji atatuma kijana akusindikize.

Anza kwa mikono. Itikise karibu na sikio. Kinachocheza ndani kinaweza kuwa skrubu, na skrubu iliyolegea ikiangukia mahali pabaya inaunguza saketi. Fungua kifuniko cha betri mara tatu uone kama kinarudi sawasawa. Bonyeza springi: ikibaki imelala, betri zitakuwa zinakatika kila redio inapoguswa. Aina nyingine hutumia betri bapa ya BL-5C, ileile ya simu za zamani za Nokia. Hiyo iweke juu ya kioo cha kaunta na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba.

Sasa iwashe. Vuta antena yote, kisha izungushe polepole kwenye shina lake huku ukisikiliza stesheni dhaifu. Nasema dhaifu kwa sababu stesheni yenye nguvu huficha kila kitu. Hata redio yenye waya uliokatika huishika. Mkwaruzo ukija kila unapogusa shina, huo ndio ugonjwa wa redio ya mzee wangu. Shusha sauti hadi chini kabisa, upandishe taratibu. Zipo zinazotoka kwenye kimya na kurukia kelele, na usiku watu wakilala utajuta. Chomeka visikilizio na uvichomoe. Spika isiporudi, tundu lake ni bovu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha mzimu. Redio nyingi rahisi zenye mshale hubadilisha masafa mara moja tu, hadi kilohezi 455, na kwa hiyo stesheni yenye nguvu hujitokeza tena, kama mzimu, kilohezi 910 chini ya mahali pake. Stesheni ya Zanzibar, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa 11735, ingeweza kukutokea pia karibu na 10825. Mzimu kidogo ni kawaida kwa bei hiyo. Mzimu unaosikika sawa na mwenyewe unaonyesha kwamba redio haikurekebishwa vizuri, na hapo utaona tofauti kubwa kati ya mbili zilizotoka boksi moja. Ile idadi ya bendi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, 9, 12 au zaidi, mimi siitazami kabisa. Mara nyingi ni masafa mafupi yaliyokatwa vipande.

Kabla ya kulipa, patana siku za kurudisha na uombe ziandikwe nyuma ya risiti. Maneno ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hulegea kidogo ukiyagusa kabla pesa haijatoka mfukoni.

Ikikuharibikia baadaye, waya wa antena fundi yeyote wa mtaani anauchomelea kwa dakika chache. Mwambie tu asiguse vile vikopo vidogo vya koili vyenye vichwa vya rangi nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi, kama hana vifaa vya kupimia. Ukizungusha kimoja kwa bisibisi kwa kubahatisha, mshale huenda usiseme kweli tena.

Redio ya pili niliyomnunulia mzee nilikaa nayo siku nne. Nikaiwasha kila jioni uani, nikaiacha iongee mpaka betri ziishe, nikaigonga ubavuni makusudi. Siku ya tano ndipo nilipoipeleka stendi.