Nafasi Uliyoipata kwa Haki Usimwachie Mtu

Wadogo zangu, barua zenu za mwezi huu zimeniumiza kichwa kwa sababu nyingi zinafanana. Mmoja kafaulu usaili, kapewa cheo, na sasa wenzake wanamnong'oneza kwamba bado mdogo, angemwachia dada aliyetangulia kazini. Mwingine katoka uzazi juzi juzi na kila anayekuja kumpa hongera anamalizia na maneno yale yale: "Haya, sasa tulia ulee." Wapo pia mabinti wa shule walioacha masomo kwa ujauzito, wanaouliza kama ndiyo basi tena. Nimeona nisiwajibu mmoja mmoja. Leo tumzungumzie mwanamke wa Jamaika ambaye hayo mawili ya mwanzo yamempata mbele ya macho ya dunia nzima: Shelly-Ann Fraser-Pryce, mwanariadha wa mbio fupi.

Huyu dada alizaliwa tarehe 27 Desemba 1986, akakulia Waterhouse, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kingston ambako risasi zilisikika mara kwa mara. Mama yake, Maxine Simpson, alikuwa mchuuzi wa barabarani, na aliwahi kuwa mkimbiaji ujanani mwake. Mama huyo na watoto wake watatu walilala kitanda kimoja. Naamini wengi wenu mnaijua hali hiyo bila kusimuliwa. Alipofika sekondari, katika shule ya wasichana ya Wolmer's, wanawake waliosoma pale miaka ya nyuma walimsaidia ada na mahitaji ya shule. Nalisema hili makusudi, maana tunapenda sana kusimulia kwamba mtu kafika mwenyewe kwa juhudi zake. Huyu alishikwa mkono, akakubali kushikwa, na hakuna sifa yake hata moja iliyopungua kwa hilo.

Sasa njoo mwaka 2008, hapo ndipo nataka tukae.

Jamaika ina wakimbiaji wa kike wengi mno, na kila nchi inaruhusiwa kupeleka watatu tu kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki. Anayetaka kwenda anakimbia majaribio ya taifa. Mwaka ule Kerron Stewart alishinda kwa sekunde 10.80. Wa pili akawa binti wa miaka 21, mwanafunzi wa chuo, ambaye nje ya Jamaika karibu hakuna aliyemfahamu: Shelly-Ann Fraser, 10.85. Sherone Simpson akawa wa tatu kwa 10.87. Wa nne, kwa 10.88, alikuwa Veronica Campbell-Brown, bingwa wa dunia wa mita 100 wakati ule na bingwa wa Olimpiki wa mita 200. Bingwa wa dunia kabaki nje!

Kelele zikaanza. Wakatokea watu waliotaka yule mtoto aondolewe ili bingwa aingie. Hana uzoefu, walisema, ataitia nchi aibu, zamu yake itafika. Hebu jiweke mahali pake. Una miaka 21, umekimbia kihalali, muda wako umeandikwa, halafu watu wazima wanajadili hadharani kwamba kiti chako apewe mwingine. Na mwingine mwenyewe ni mtu unayemheshimu, hakukukosea lolote.

Kanuni ilikuwa kanuni, akabaki kwenye timu. Tarehe 17 Agosti 2008 aliingia uwanjani Beijing, kimo chake sentimita 152, mfupi kuliko karibu wote waliokuwa naye kwenye mstari, meno yamefungwa nyaya za kunyooshea. Bunduki ikalia. Silaha ya huyu mwanamke ni hatua zake za kwanza: anatoka chini chini, miguu inapiga haraka haraka, na wenzake wanaponyoosha migongo yeye keshatangulia. Alimaliza kwa 10.78. Simpson na Stewart wakafuata pamoja kwa 10.98, wote wawili wakapewa fedha. Akawa mwanamke wa kwanza wa Jamaika kushinda mita 100 za Olimpiki, na akaruka ruka pale uwanjani kama mtoto aliyefunguliwa shule. Na Veronica? Siku chache baadaye alishinda dhahabu ya mita 200 kwenye michezo ile ile. Hakuna aliyedhulumiwa.

Kwa hiyo wewe uliyefaulu usaili, nakujibu hivi: nafasi ni yako. Mheshimu dada aliyetangulia, msalimie vizuri, mwombe akufundishe anachokijua, lakini kiti usikiachie. Unyenyekevu hauna maana ya kujiondoa mahali ulipostahili kuwapo. Ukijiondoa leo ili watu wasinune, kesho watanuna kwa jambo jingine.

Sitaki mdhani maisha yake yalikuwa dhahabu juu ya dhahabu. Mwaka 2010 alipimwa Shanghai akakutwa na oxycodone, dawa ya maumivu aliyoimeza kwa ajili ya jino. Si dawa ya kuongeza kasi, lakini mwanariadha anawajibika kwa kila kinachoingia mwilini mwake, na alifungiwa miezi 6. Alitumikia adhabu, akarudi. London 2012 akatetea taji lake la Olimpiki kwa 10.75, na mwaka 2013, kwenye mashindano ya dunia kule Moscow, akabeba dhahabu tatu: mita 100, mita 200, na mbio za kupokezana vijiti. Mwaka huo huo alianzisha mfuko wake, Pocket Rocket Foundation, unaowasomesha vijana wanamichezo wa sekondari za Jamaika. Aliyelipiwa ada kaanza kulipia wengine.

Mama uliyejifungua, sasa zamu yako.

Mapema mwaka 2017 Shelly-Ann alikuwa na miaka 30, anajiandaa kutetea taji lake la dunia London mwezi Agosti. Akagundua ni mjamzito. Amesimulia mwenyewe kwamba alilia. Nampenda kwa ukweli huo, kwa sababu wapo wanawake wengi wanaolilia ujauzito chumbani, kisha wanaona haya mwaka mzima kana kwamba machozi yale yana maana hawampendi mtoto. Haiko hivyo, mdogo wangu. Unaweza kumpenda mtoto kwa moyo wote na ukailia kazi yako pia. Fainali ya wanawake ya mita 100 London ilikimbiwa tarehe 6 Agosti. Tarehe 7, Shelly-Ann alijifungua mwanawe Zyon, kwa upasuaji.

Watu wakamfunga kitabu. Miaka 30 na zaidi, kajifungua kwa kisu, mbio fupi zinataka tumbo na nyonga zenye nguvu, atarudi wapi?

Mwaka wa kwanza wa kurudi ndio nawaomba muutazame, kwa sababu wasimuliaji wengi wanauruka. Mwaka 2018 muda wake bora ulikuwa 10.98. Kwa mtu aliyewahi kukimbia 10.70, hiyo ni tofauti kubwa. Kwenye mashindano ya taifa lake alishindwa na Elaine Thompson. Angeweza kusema, naam, walisema kweli. Aliendelea na mazoezi. Tarehe 29 Septemba 2019, Doha, viti vingi vya uwanja vikiwa vitupu, alishinda ubingwa wa dunia kwa 10.71 akiwa na miaka 32, kisha akambeba Zyon na kuzunguka naye uwanjani. Mtoto wa miaka miwili hajui lolote kuhusu medali. Alikuwa kwa mama yake tu.

Haikuishia hapo. Agosti 2021, Lausanne, akiwa na miaka 34, alikimbia 10.60. Hakuwahi kukimbia hivyo kabla ya kuzaa. Mei 2022 alikuja Nairobi, na pale Kasarani akashinda kwa 10.67 mbele ya mashabiki wetu wa Afrika Mashariki. Miezi miwili baadaye, Eugene, akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 100 kwa mara ya tano. Na ukisema hayo ni ya Wajamaika, mtazame Faith Kipyegon wa Kenya: alijifungua mwaka 2018, na mwaka 2021 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Sikwambii uamke kesho ukimbie. Shelly-Ann alikuwa na kocha, wataalamu, mume na familia; wewe huenda una mama mkwe na dada wa kazi anayetaka kuondoka. Kidonda cha upasuaji kinapona kwa muda wake, muulize daktari au mkunga kabla ya kubeba ndoo au kurudi kwenye shughuli nzito. Na usijipime kwa mwili wala kasi ya mwaka juzi. Jipe mwaka wako wa 10.98.

Wakati huo huo, ijue haki yako. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mjulishe mwajiri kwa maandishi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Likizo ikiisha unarudi kwa masharti yale yale ya kazi, na mwajiri anatakiwa kukuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi 3 kwa mshahara kamili na haki ya kurudi kazini. Weka nakala ya kila barua. Ukikuta meza yako kapewa mwingine, usigombane na aliyekaa pale, hakujiweka mwenyewe. Nenda kwa mwajiri na barua zako mkononi, au pitia chama cha wafanyakazi.

Na ninyi mabinti mliokatisha masomo: tangu Novemba 2021 Tanzania inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi katika shule ya mfumo rasmi, ndani ya miaka miwili tangu alipoacha. Usisubiri mtoto atambae kwanza ndipo uulize. Nenda na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule uliyotoka, na kama hapo utaona aibu, anzia ofisi ya elimu ya wilaya, ueleze kwamba unataka shule nyingine. Mpange mapema nyumbani nani atabaki na mtoto asubuhi. Wakikuzungusha, niandikie tena, unitajie wilaya na ulichoambiwa.