SOMO LA 14: MAHAFALI WAKATI WA MARADHI YA KUAMBUKIZA

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba viini vya maradhi ni vidogo mno, havionekani kwa macho, na kwamba kila aina ya kiini ina njia yake ya kutoka kwa mgonjwa na kumfikia mtu mwenye afya. Sasa tutayatumia maarifa hayo katika kazi ambayo shule hufanya kila mwaka, yaani kupanga mahafali ya darasa la saba.

Mahafali ni siku ya furaha. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wazazi, babu na bibi hutoka vijiji mbalimbali kuja kuwaona watoto wao wakipewa vyeti. Watu huimba, husalimiana kwa mikono na kula pamoja. Lakini kama kuna maradhi ya kuambukiza, mkutano huohuo waweza kuwa chanzo cha msiba. Watu 200 wakinywa maji machafu ya pipa moja, kisha wakarudi makwao, maradhi ya nyumba moja yaweza kufika vijiji vingi kwa siku moja.

Yaliyopata kutokea

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi. Hadi mwaka uliofuata, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua nchini.

Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania. Siku iliyofuata Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020. Wanafunzi wa darasa la saba wa mwaka ule walikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu, nao wakafanya mtihani wao wa mwisho mwezi wa Oktoba.

Tarehe 3 Desemba 2023 maji na matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mafuriko ya namna hiyo huweza kufukia visima, kuvunja mabomba na kubeba kinyesi kutoka vyooni hadi kwenye maji ya kunywa. Ndiyo maana baada ya mafuriko hapana budi kujihadhari na kipindupindu.

Njia mbili tofauti

Kabla ya kupanga jambo lolote, Kamati ya Shule yapasa kujiuliza: Maradhi haya huenea kwa njia gani?

Viini vya kipindupindu hutoka katika kinyesi na matapishi ya mgonjwa. Huingia mwilini kwa njia ya kinywa, katika maji, chakula au mikono michafu. Dalili huweza kuanza baada ya saa chache au siku chache, hata siku tano. Mgonjwa huharisha maji mengi, na asipotibiwa aweza kufa katika muda wa saa chache kwa kupungukiwa na maji mwilini.

Viini vya korona hutoka katika pumzi ya mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya, anapozungumza au anapoimba. Wengine huvivuta pamoja na hewa, hasa katika chumba kilichojaa watu na kisichopitisha hewa.

Kwa hiyo kinga lazima ilingane na njia. Wakati wa korona, yafaa kufanya mahafali nje penye hewa, kuwatenganisha wageni, kuvaa barakoa, kupunguza idadi ya watu na kufupisha hotuba. Lakini wakati wa kipindupindu, kutenganisha viti hakutamsaidia mgeni anayekunywa maji machafu. Hapo kazi kubwa iko kisimani, jikoni na chooni. Kunawa mikono kwa sabuni kunafaa nyakati zote mbili.

Kupanga maji na chakula

Mahafali mengi huangukia kiangazi. Wakati huo maji huwa haba, na aghalabu watu na mifugo hutumia chanzo kimoja. Kwa hiyo maji yahesabiwe mapema.

Tuseme wahitimu ni 60, na kila mmoja amealika watu wawili. Walimu na wageni wengine ni 20. Jumla ni watu 200. Kila mtu akinywa lita 1, zitahitajika lita 200 za maji safi. Kila mtu akinawa mara mbili, kila mara kwa nusu lita, zitahitajika lita 200 nyingine. Jumla ni lita 400, yaani ndoo 20 za lita 20, mbali na maji ya kupikia na kuoshea vyombo.

Maji ya kunywa huchemshwa siku moja kabla. Katika nyanda za juu maji huchemka kwa joto dogo kuliko pwani. Mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi za sentigredi. Joto hilo latosha kuviua viini vya kipindupindu. Yaache maji yatokote kwa nguvu dakika moja. Mahali palipo juu ya mita 2,000, dakika tatu. Yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko na bomba, ili mtu asichovye kikombe wala mkono. Kila mgeni awe na kikombe chake.

Chakula, kama vile makande au wali, kiive vizuri na kiliwe kingali cha moto. Anayeharisha asipike wala asigawe chakula. Choo kiwe safi, na kibuyu chirizi chenye maji na sabuni kiwekwe karibu na mlango wake.

Jaribio

Vifaa: chaki ya rangi, mafuta ya kula, maji na sabuni.

1. Saga chaki, kisha mwanafunzi mmoja apake unga wake katika kiganja cha kulia.
2. Amsalimu mwenzake kwa mkono, naye amsalimu wa tatu, hadi watu watano. Tazameni viganja vyenu. Rangi imefika kwa mtu wa ngapi?
3. Wanafunzi wawili wapake mafuta na unga wa chaki mikononi. Mmoja anawe kwa maji peke yake, mwingine kwa maji na sabuni. Mikono ya nani imetakata?

Ni nani huamua?

Shule haiamui peke yake. Mwalimu Mkuu humwuliza Afisa Afya na uongozi wa kijiji. Wataalamu wakisema mikutano isifanyike, mahafali huahirishwa, na vyeti hugawiwa siku nyingine. Uamuzi huo huumiza mioyo ya wahitimu na wazazi waliongoja miaka saba. Lakini cheti chaweza kungoja mwezi mmoja, na babu aliyekufa kwa kipindupindu hatakuja mahafali ya mwaka ujao.

Mtu akianza kuharisha sana, apelekwe kituo cha afya mara moja. Njiani anyweshwe dawa ya kuongeza maji mwilini. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijazwe kupita kiasi.

Mambo ya kukumbuka

Jua kwanza njia ya maradhi, kisha chagua kinga. Fuata maagizo ya wataalamu wa afya. Mgonjwa asaidiwe, asitengwe kwa dharau.

Maswali

1. Kipindupindu huingia mwilini kwa njia gani? Na korona?
2. Kwa nini mafuriko huweza kuleta kipindupindu?
3. Shule ina wahitimu 45. Kila mmoja amealika watu wawili, na wageni wengine ni 15. Tafuta idadi ya ndoo za lita 20 zitakazohitajika kwa kunywa na kunawa.
4. Mzazi asema, "Tumeketi mbalimbali, kwa hiyo kipindupindu hakitatupata." Mjibu.
5. Chora ramani ya shule yako. Onyesha mahali pa wageni, jiko, choo, maji ya kunywa na vibuyu chirizi. Eleza sababu za mpango wako.