SOMO LA KUKU: JOGOO MKALI NA NAMNA YA KUMTAWALA

Somo letu la mwezi huu ni juu ya jogoo. Magonjwa yake na chakula chake tutayaacha kwa siku nyingine. Leo twataka kutazama tabia yake, hasa ile tabia mbaya ya kuwarukia watu.

Wakulima wengi huona jambo hili kuwa la mchezo. Jogoo akimkimbiza mgeni uani, watu hucheka. Lakini fikirini ni nani aendaye bandani kila siku. Katika nyumba nyingi ni mama na watoto. Wao ndio waokotao mayai, wao ndio wamwagao mtama na kubadili maji. Mwenye shamba apitapo na viatu vyake vya mpira na fimbo mkononi, jogoo humwepuka. Mtoto wa miaka mitatu apitapo, uso wake uko sawasawa na mahali jogoo arukapo kwa miguu yake. Mwiba wa mguu wa jogoo ukiingia katika jicho la mtoto, hakuna mayai yatakayolipa hasara hiyo.

Hata mtu mzima aweza kuumia sana. Mwaka wa 2019 madaktari wa Australia waliandika habari za mama mmoja wa miaka 76 aliyekuwa akiokota mayai. Jogoo wake alimdonoa mguuni, akatoboa mshipa wa damu uliokuwa umevimba, na mama yule akafa kwa kutokwa na damu. Jambo kama hilo hutokea mara chache sana, lakini latosha kutuonya.

JOGOO ANA KAZI GANI?

Kwanza tujue kwamba mtetea hutaga bila jogoo. Ikiwa unafuga kuku kwa mayai ya kuuza tu, huna haja ya jogoo hata mmoja. Tena mayai yasiyo na mbegu hukaa vizuri zaidi bila kuharibika. Jogoo ni wa lazima kwa mkulima atakaye kuatamisha mayai apate vifaranga.

Kazi yake ya pili ni ulinzi. Jogoo mwema hutazama juu mara kwa mara. Amwonapo mwewe hutoa sauti yake, na kuku wote hukimbilia vichakani. Amwonapo nguchiro au paka huita kwa sauti nyingine. Apatapo chakula kizuri huwaita mitetea kwanza, wakala.

Kwa sababu ya ulinzi huo, wakulima wengi husema, “Acha awe mkali, maana ndiye askari wangu.” Hapo ndipo kosa lilipo. Ushujaa mbele ya mwewe na ukali juu ya watu ni mambo mawili mbalimbali. Wako majogoo wengi wanaolinda kuku wao vizuri na huku wakimpisha mtoto apite. Huyo ndiye askari. Yule awarukiaye wenye nyumba ni mkorofi, naye hakustahili kulishwa mahindi yako.

DALILI ZA KUTAZAMA

Ukali huonekana hasa jogoo apatapo miezi minne hadi minane, wakati anapoanza kuwika na kupanda mitetea. Pora aliyekuwa mpole jana aweza kubadilika katika juma moja. Tazama dalili hizi:

(1) Anashusha bawa moja na kukuzunguka kwa hatua za upande. Kwa mtetea hayo ni maneno ya posa. Kwako wewe ni kukujaribu.

(2) Anasimamisha manyoya ya shingo na kuinamisha kichwa huku akikukazia macho.

(3) Hakupishi tena upitapo, au anakufuata nyuma unapoondoka.

(4) Anadonoa kiatu chako, ndoo yako au nguo yako.

Ukiona dalili hizo anza kazi siku hiyohiyo. Usingoje mpaka aruke.

SABABU ZA UKALI

Kuku wana cheo kati yao. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza jambo hili katika miaka ya 1920 baada ya kuwatazama kuku kwa muda mrefu. Kila kuku amjua yule awezaye kumdonoa na yule asiyeweza. Jogoo akurukiapo, amekuhesabu wewe kuwa jogoo mwenzake, anataka kujua ni nani mkubwa.

Sababu zinazomfikisha hapo ni hizi:

Damu. Ukali hurithiwa. Jogoo awarukiaye watu huzaa majogoo wenye tabia hiyo.

Malezi. Watoto wakimtupia mawe, wakimchokoza kwa vijiti au wakimkimbiza, hujifunza kwamba mtu ni adui. Lakini hata yule aliyelelewa peke yake jikoni, akilishwa mkononi kama mtoto wa nyumba, aweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa haogopi mtu tena na humwona kuwa kuku mwenzake.

Majogoo kuwa wengi. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Jogoo mmoja atosha mitetea kumi hivi. Wakizidi, hupigana wenyewe kwa wenyewe, huwachubua mitetea migongoni, na hasira hiyo huwafikia watu.

Kuku wageni. Jambo hili latuhusu sana sisi wa skimu. Mkulima anayeanza shamba jipya hununua kuku wawili soko hili, watatu soko lile, na jirani humpa mmoja. Kisha huwafungia wote pamoja usiku mmoja. Vyeo vyote huvunjika, na vita huanza. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na neno hilo lina maana hata leo. Mtenge kuku mgeni kwa majuma mawili au matatu, upate kujua kama ana ugonjwa, kisha mweke mahali atakapoonana na wenzake kupitia wavu kabla ya kumchanganya nao.

Maumivu. Jogoo mwenye utitiri au viroboto, au mwenye jeraha, hukasirika upesi. Mkague chini ya mabawa na kuzunguka macho.

AKIKURUKIA, FANYA HIVI

Usikimbie, wala usimpe mgongo. Ukikimbia, yeye ameshinda, na kesho atarudia.

Usimpige teke wala rungu. Wakulima wengi hudhani kipigo humfundisha adabu. Kwake yeye kipigo ni vita vilivyokubaliwa. Pengine atakuogopa wewe mwenye nguvu, lakini atamtafuta aliye dhaifu, yaani mtoto au bibi mzee, tena atamwendea kwa nyuma.

Simama imara, mtazame, na uweke kitu kati yako na yeye: kifuniko cha debe, ungo, kikapu au ubao mwepesi. Akiruka apige kitu hicho, asiguse mwili wako. Ukisha kumsukuma polepole mpaka arudi nyuma, endelea na kazi yako bila haraka. Usiondoke bandani mpaka yeye awe wa kwanza kuondoka.

MAFUNZO YA MAJUMA MAWILI

Kazi hii ni ya mtu mzima. Kwa muda wote wa mafunzo watoto wasiingie bandani.

Usiku kuku haoni vizuri, kwa hiyo mshike akiwa amelala juu ya kijiti chake. Asubuhi mchukue chini ya kwapa, mabawa yakiwa yamebanwa na miguu yake imeshikwa, utembee naye kwa dakika kumi au zaidi mbele ya mitetea wake. Akitulia kabisa, mweke chini taratibu. Akianza kujitupa, mngoje atulie kwanza. Fanya hivyo kila siku.

Wakati wa kulisha, asimame mbali mpaka uondoke kwenye chombo cha chakula. Akija, mzuie kwa ubao. Mwone akipanda mtetea au kuwika karibu na miguu yako, msogeze aende mbali. Watu wote wazima wa nyumba wafanye vivyo hivyo, maana jogoo huwatambua watu, na amri ya mtu mmoja haimfungi kwa mwingine.

Miiba ya miguuni ifanywe butu. Tumia tupa, ukisugua ile ncha kali tu, kidogo kidogo. Ndani ya mwiba mna mfupa wenye damu, kwa hiyo usikate karibu na mguu. Ukiona rangi nyekundu, acha. Usimkate mdomo kwa kisu. Hilo ni kumtesa bure, na miiba yake itabaki palepale.

Tengeneza banda pia. Kila kuku apate angalau futi 2 za mraba ndani ya banda, na inchi 8 hadi 10 za kijiti cha kulalia. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, ili walio dhaifu wapate mahali pa kula. Sanduku la kutagia liwe na mlango wa nje, mama aokote mayai bila kuingia.

HUKUMU

Majuma mawili yakiisha, tazama. Kama jogoo anakupisha, na anampisha mama wa nyumba, mweke, lakini watoto wadogo wasiachwe peke yao naye. Kama bado anaruka, mwisho wake ni sufuria. Usimhurumie kwa sababu ni mkubwa na ana manyoya mazuri.

Wala usingoje majuma mawili kwa jogoo aliyekwisha kumjeruhi mtoto. Huyo atoke siku hiyohiyo.

Hapa pana jambo la uungwana. Wako watu ambao, wakichoka na jogoo mkali, humpeleka sokoni na kumwuza kuwa jogoo wa mbegu, huku wamenyamaza. Sisi wa skimu tumetoka sehemu nyingi, na twaishi mpaka kwa mpaka. Mtoto wa jirani akitobolewa jicho na jogoo uliyemwuza wewe, mtaishije? Muuze kwa nyama, au umle nyumbani. Akitaka mtu kumnunua kwa mbegu, mwambie tabia yake yote.

Kumbuka pia kwamba mtetea hutoa damu yake kwa vifaranga vyake tu, lakini jogoo mmoja hutoa nusu ya damu ya kila kifaranga katika banda. Serikali ya Kenya ilitumia akili hiyo mwaka wa 1976, ilipoanza mpango wa kuendeleza kuku kwa msaada wa Uholanzi. Katika mpango huo wakulima walitoa majogoo yao ya kienyeji wakapewa majogoo ya damu bora. Kama jogoo mmoja aweza kuboresha kuku wa boma zima, basi jogoo mkorofi mmoja aweza kuwaharibu vilevile. Mchague jogoo kwa uzito wake na afya yake, na tabia yake pia.

Ukisha kumwondoa yule mkali, mbegu yake hubaki ndani ya mitetea kwa majuma mawili au zaidi kidogo. Ngoja majuma matatu baada ya kumtoa kabla hujaweka mayai ya kuatamiwa, upate kuwa na hakika kwamba vifaranga ni vya jogoo mpya.

MTU AKIJERUHIWA

Osha jeraha kwa maji mengi safi na sabuni, hata likiwa dogo. Mwiba wa jogoo hukanyaga mavi na udongo siku nzima, na pepopunda huingia kwa tundu dogo lenye kina. Nenda zahanati uulize juu ya sindano ya pepopunda. Damu ikitoka kwa nguvu, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachia, inua mguu, na mtu mwingine atafute gari. Mtu mwenye mishipa iliyovimba miguuni asiingie penye jogoo mkali kabisa. Jicho likiguswa, usilisugue wala usitie dawa ya nyumbani. Lifunike bila kulibana, umpeleke mtoto hospitali siku hiyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji mmoja awasomee wenzake wa nyumbani, nao wajibu.

1. Mkulima ana mitetea 24 na majogoo 6. Je, abakize majogoo wangapi, naye atachaguaje?

2. Kwa nini kumpiga jogoo teke huongeza hatari kwa mtoto?

3. Jogoo mkali ametolewa tarehe 1 ya mwezi. Ni tarehe gani mkulima aweza kuanza kuweka mayai ya kuatamiwa?

4. Jirani anataka kumnunua jogoo wako mkali kwa mbegu. Utamwambia nini?

Majibu ya hesabu: Swali la 1, majogoo wawili au watatu, wale wanaolinda mitetea na kuwapisha watu. Swali la 3, tarehe 22. Majibu mengine mmekwisha kuyasoma humu. Swali la nne hasa, lijibuni mbele ya watoto wenu.