Nairuzi Iliyorejea Vijijini

Amma baad. Ndugu yetu mmoja wa darasani, ambaye kijana wake anasoma Kazakhstan, ameleta swali. Kijana huyo amealikwa na rafikiye kijijini kwa sikukuu ya Nairuzi, ya kuyalaki majira ya machipuko. Je, aende au asiende?

Kwanza na tuijue sikukuu yenyewe. Nairuzi ni neno la Kiajemi, maana yake siku mpya, nayo huangukia tarehe 21 Machi au karibu yake, usiku na mchana vinapolingana. Kwa mfugaji wa nyika zile, ambaye baridi humwulia wanyama, kuisha kwa theluji si jambo dogo. Serikali ya Kisovieti iliipiga marufuku mwaka 1926, ikarejea mwaka 1988. Katika miaka hiyo misikiti mingi ilifungwa, na wengi walikua pasina mwalimu wa kuwafunza hata Fatiha. Basi asiharakishe kuwalaumu mtu aliyeketi Mombasa, adhana ikimfikia kutoka kila upande.

Walakini haki haina budi kusemwa. Siku hizo watu husafisha nyumba, hulipa madeni, husuluhishana, na hupika nauryz-kozhe, uji wa vitu saba: maji, nyama, chumvi, mafuta, unga, nafaka na maziwa. Haya ni ada njema (ijapokuwa deni ni wajibu kulipwa hata pasipo Nairuzi). Lakini wako waitakidio kwamba usiku wake Khidhri, wamwitaye Kydyr Ata, huzunguka duniani na kuibariki nyumba aionayo safi. Na vyombo hujazwa maziwa na nafaka ili mwaka uwe wa neema. Hapa ndipo penye khatari. Yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, ambaye habari yake imo katika Suratul Kahf, alibainisha kuwa hakutenda kwa amri yake mwenyewe. Vipi leo tumkabidhi riziki za watu?

Wala sisi tusijione tumesalimika. Nairuzi hiyo hiyo ilifika pwani, na wazee wetu waliihesabia miongo, siku kumi kumi, wapate kujua wakati wa kusafiri na wa kupanda. Mwaka wao ulikuwa wa siku 365 pasi na nyongeza, ndiyo sababu ukasogea, hata Makunduchi, Unguja, huangukia Julai. Hesabu ile ni elimu. Lakini huko huko kibanda cha makuti huchomwa moto, na moshi ukatazamwa unaelekea wapi, ijulikane bahati ya mwaka. Moshi huu na chombo kile cha maziwa vina tofauti gani?

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu na siku mbili za kucheza tangu ujahili, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora, Idi mbili. Baadhi ya maulamaa wamesema mojawapo ilikuwa Nairuzi. Kwa hiyo siku hii haiitwi Idi, wala haina sala wala dua yake makhsusi.

Basi kijana na aende, ale uji wa watu na kuwaombea kheri. Kwenye kujaza vyombo asishiriki. Na mwenyeji akimwuliza sababu, amweleze kwa upole, baada ya kula.