Matanga Bila Mkono: Lugha ya Pole katika Mitaa ya Eastlands Wakati wa Korona

Makala haya yanazungumzia pole, neno ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili hulipita haraka kwa kuwa wamelijua tangu utotoni. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, pole ya msiba aghalabu huandamana na mkono: atamkaye humshika mfiwa, kisha huketi. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini Kenya, haukupita muda mkono ukakatazwa. Neno likabaki peke yake.

Uzito wa jambo hili huonekana katika matanga. Pwani, matanga ni siku za maombolezo nyumbani kwa marehemu. Kaloleni, Jericho, Dandora na Kayole, neno hilo limepanuka: ni kikao cha jioni, watu watokapo kazini, ambapo majirani wa makabila mbalimbali huimba, huomba na kuchanga fedha za jeneza na za gari la kupeleka maiti mashambani. Lugha ya kikao ni Kiswahili, maana jirani hawezi kufarijiwa kwa lugha asiyoielewa. Basi kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 iliangukia saa ileile ya matanga, saa moja jioni. Waliohudhuria mazishi waliwekewa kikomo cha watu 15. Tarehe 6 Aprili mipaka ya eneo la Nairobi ilifungwa, na hadi Julai ilipofunguliwa, mfiwa alihitaji kibali ili amsindikize maiti wake.

Si kila jamii iliyoumia mahali pamoja. Mjaluo wa Makongeni alipotewa na safari ya nyumbani, nayo si jambo dogo: kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, aliyezikwa Nyalgunga mwaka 1987 baada ya miezi mitano ya mabishano mahakamani baina ya mjane wake Mkikuyu na ukoo wake wa Kijaluo, ingali inakumbukwa. Kwa Msomali wa Eastleigh, kuzika upesi hakukuwa kugeni. Alichokikosa ni safu za swala ya jeneza na umati wa kutoa taazia, hasa mtaa ulipofungwa kuanzia tarehe 6 Mei hadi mapema Juni 2020. Wapo watakaosema kuwa Wakikuyu wa kale waliogopa kugusa maiti, kwa hiyo masharti hayakuwaumiza sana. Asemaye hivyo hajaketi matangani Umoja.

Wakati huohuo lugha rasmi ilileta istilahi isiyofaa: "umbali wa kijamii". Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilianza kupendelea kusema umbali wa kimwili, kwa hofu kwamba watu wangedhani wametakiwa kuachana. Kiswahili kilikuwa tayari na "kutokaribiana", neno linalotenganisha miili bila kuigusa jamii. Ni masikitiko kwamba tafsiri ya sisisi iliendelea kutumika.

Majirani, kwa upande wao, walihamishia matanga kwenye simu. Rambirambi, neno ambalo siku hizi hutaja pia fedha za pole, ilitumwa kwa M-Pesa, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020 kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kilitumwa bila ada. Michango ya watu wenye kipato kidogo ikafika. Hata hivyo, kuna kitu ambacho simu haikuweza kukibeba, nacho ni kimya. Matangani mtu huweza kuketi saa nzima bila kutamka lolote, na kuketi kwake kukahesabiwa kuwa pole. Wanaume wengi hawajui njia nyingine ya kufariji. Katika kundi la simu, asiyeandika hayupo. Ndipo watu ambao hawakuzoea kuyatamka majonzi walipolazimika kuyatafutia maneno: wengine walinakili pole ya aliyetangulia, wengine walituma picha ya mshumaa, na wachache waliandika aya nzima ambazo ana kwa ana wasingethubutu kuzisema.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021 na mabenchi yakarudi uani. Jumbe zile, hata hivyo, zimo katika simu nyingi za Eastlands. Mtafiti wa isimujamii atakayepewa ruhusa na wafiwa angeanzia hapo, kabla hazijafutwa ili kupata nafasi ya picha mpya.